Deep Purple ni bendi ngapi? Uanze na kikosi kipi

Andika jina la Deep Purple kwenye programu yoyote ya muziki, na utakachopewa kwanza ni mkusanyiko wa nyimbo maarufu. Wimbo wa 1968 umepangwa kando ya wimbo wa 1974, kisha unadakia wa 1984. Ndani ya nusu saa umesikia waimbaji watatu au wanne, magitaa yasiyofanana hata chembe, na kinanda ambacho mara kinatawala, mara kimejificha. Wengi huishia hapo na kusema bendi hii haieleweki.

Inaeleweka vizuri sana ukishajua kwamba jina hilo moja limebebwa na bendi kadhaa. Ilizaliwa Hertfordshire, Uingereza, mwaka 1968, ikiwa bendi ya roki ya saikedeli, ikageuka kuwa roki nzito, ikaonja fanki na souli, ikavunjika mwaka 1976, ikafufuka mwaka 1984. Mpiga ngoma Ian Paice ndiye mtu pekee aliyekuwemo katika vikosi vyote. Aliyekulia kwenye muziki wa dansi anajua jinsi mwimbaji mmoja akihama bendi, hata mpiga solo analazimika kupiga kwa namna nyingine. Deep Purple ilihamwa mara nyingi, na kila mara iliondoka na mlio mpya. Kwa hiyo ushauri wangu ni kuachana na mikusanyiko, kuchagua kikosi kimoja, na kusikiliza albamu zake nzima kwa mpangilio kabla ya kugusa kikosi kingine.

Vipimo nilivyotumia

Kila kikosi nimekiangalia kwa mambo manne. La kwanza ni sauti ya mwimbaji. La pili ni jinsi gitaa na kinanda vinavyogawana nafasi, na hili nalipa uzito kuliko mengine, kwa sababu bendi nyingi za roki nzito ziliishi kwa gitaa peke yake wakati hii iliweka kinanda cha Hammond, yaani ogani ya umeme, mbele kabisa. La tatu ni mdundo, yaani besi na ngoma. La nne ni jukwaani, maana hawa walikuwa watu wa kurefusha nyimbo mbele ya hadhira, na wimbo wa dakika tano studioni ungeweza kufika dakika ishirini ukumbini. Mwishoni nataja msikilizaji anayefaa na albamu ya kushika kwanza.

Maneno ya nyimbo sikuyapa nafasi. Mashairi hayakuwa nguvu ya kikosi chochote kati ya hivi, na anayetafuta ushairi mzito atachoka mapema.

Jambo moja la vifaa: usiwapime kwa spika ya simu. Sauti za chini za Hammond na besi hupotea zote, na utabaki na kelele za juu tu. Tafuta visikilizi vya masikioni vya heshima au redio yenye spika za kweli.

Kikosi cha kwanza, 1968–1969: Rod Evans (sauti), Nick Simper (besi), Ritchie Blackmore (gitaa), Jon Lord (kinanda), Ian Paice (ngoma)

*Sauti.* Evans ana sauti ya katikati, laini, ya mtu anayeimba karibu na maikrofoni. Hapigi mayowe. Katika nyimbo za taratibu ananoga kuliko mwimbaji yeyote aliyemfuata, na ni bahati mbaya kwamba sifa hiyohiyo ndiyo iliyomponza wenzake walipotaka mlio mzito zaidi.

*Gitaa na kinanda.* Hapa mwenye nyumba ni Lord. Alikuwa amesoma piano ya kiklasiki, na haoni haya kuionyesha: katika albamu ya The Book of Taliesyn anaingiza kipande cha Beethoven kabla ya kuingia kwenye wimbo wa Beatles, na April, wimbo unaofunga albamu ya tatu, una sehemu nzima ya ala za okestra aliyoiandika mwenyewe. Blackmore bado anajitafuta, lakini sikiliza Mandrake Root na Wring That Neck. Hizo mbili hazikuachwa kikosi kilipobadilika. Ziliendelea kupigwa jukwaani, ndefu na kali zaidi.

*Mdundo.* Paice alikuwa na miaka 19 walipoingia studio mjini London Mei 1968 na kumaliza albamu ya kwanza kwa siku tatu. Wepesi wa mikono yake unasikika tayari. Chasing Shadows imejengwa juu ya ngoma zake kuanzia mwanzo hadi mwisho.

*Jukwaani.* Rekodi ni chache. Iliyo muhimu ni ya Inglewood, California, Oktoba 1968, walipokuwa wakiitangulia bendi ya Cream. Ina vumbi, lakini utasikia bendi ambayo tayari ni nzito kuliko albamu zake.

Marekani iliwapokea haraka: Hush, wimbo uliotungwa na Joe South, ulifika namba 4 huko mwaka 1968. Nyumbani Uingereza hakuna aliyewajali. Kampuni yao ya rekodi ya Marekani, Tetragrammaton, ilikuwa ikielekea kufilisika, na katikati ya 1969 Evans na Simper waliondolewa.

*Anayefaa.* Mpenzi wa roki ya miaka ya 1960, ya rangi nyingi na mipangilio mirefu, asiyetaka kupigiwa kelele. Anza na albamu ya tatu, iliyoitwa kwa jina la bendi, ya 1969, na wala si ile ya Hush.

Kikosi cha pili, 1969–1973: Ian Gillan, Roger Glover, Blackmore, Lord, Paice

*Sauti.* Gillan na Glover walitoka pamoja katika bendi ya Episode Six. Gillan alileta kitu ambacho roki ya Uingereza ilikuwa haijakizoea: sauti inayopanda hadi juu kabisa na kubaki huko bila kukatika. Child in Time ndiyo hati yake. Wimbo unaanza kwa kunong'ona na unaishia kwenye ukelele mtupu usio na neno lolote. Mwaka 1970 ndiye aliyeimba nafasi ya Yesu katika rekodi ya kwanza ya opera ya roki ya Jesus Christ Superstar. Watu wengine hawaivumilii sauti hii kwa zaidi ya albamu moja, na si kosa lao.

*Gitaa na kinanda.* Mabadiliko makubwa kuliko yote katika historia ya bendi yako hapa, na yalifanyika kwa waya. Lord aliunganisha Hammond yake na amplifaya za Marshall, zilezile zilizotengenezwa kwa ajili ya gitaa. Kinanda kikaanza kunguruma na kukwaruza. Kuanzia siku hiyo bendi ilikuwa na magitaa mawili, moja likiwa na nyuzi na jingine na vibao, na mara nyingi huwezi kutambua lipi limeacha na lipi limepokea. Katika Highway Star kila mmoja ana solo yake, na zote mbili zimejengwa kwa mtiririko wa muziki wa enzi ya Bach, ila kwa mwendo wa gari lililokatika breki.

Haikutokea mara moja. Tarehe 24 Septemba 1969 kikosi hiki kipya kilipanda jukwaa la Royal Albert Hall pamoja na Royal Philharmonic Orchestra, Malcolm Arnold akiongoza, kupiga tungo ndefu ya Lord kwa bendi na okestra. Magazeti yakaanza kuwaita bendi ya okestra. Blackmore alidai albamu itakayofuata iwe ya roki tupu, na In Rock ya Juni 1970 ndiyo jibu lake. Ukitaka kuelewa kwa nini albamu ile inaanza kwa fujo namna ile, sikiliza tungo ya okestra usiku mmoja na In Rock usiku unaofuata.

*Mdundo.* Glover hapigi besi ya kujionyesha. Anakaa chini, anashikilia, na kuwaachia wawili wale wapigane juu. Paice hapa yuko kileleni mwake.

Halafu kuna Montreux. Desemba 1971 walifika mji huo wa Uswisi kurekodi ndani ya ukumbi wa kasino. Tarehe 4, katika onyesho la mwanamuziki Frank Zappa, mtu mmoja alifyatua fataki kuelekea darini, na kasino lote likateketea huku moshi ukitanda juu ya Ziwa Geneva. Bendi ikabaki na studio ya kukodi iliyo ndani ya lori, mali ya Rolling Stones, bila mahali pa kupiga. Ukumbi wa pili waliopata waliufanyia kelele hadi polisi wakaja. Mwishowe walijibanza katika Grand Hotel, iliyofungwa kwa majira ya baridi, wakapiga kwenye ushoroba wake. Machine Head ilitoka huko, na Smoke on the Water, wimbo ambao kila anayeshika gitaa kwa mara ya kwanza hujaribu mstari wake, unasimulia tukio hilo jinsi lilivyokuwa.

*Jukwaani.* Made in Japan, iliyorekodiwa Osaka na Tokyo tarehe 15 hadi 17 Agosti 1972. Nimesikia rekodi nyingi za jukwaani za roki, na hii bado naiweka juu kabisa. Space Truckin' inakaribia dakika ishirini. Katika Strange Kind of Woman, gitaa linasema na sauti inajibu, noti kwa noti, hadi hadhira inashindwa kujizuia.

Kasoro? Ratiba iliwachosha. Albamu ya 1973, Who Do We Think We Are, inasikika kama kazi ya watu wasiosemeshana, na ndivyo ilivyokuwa kati ya Gillan na Blackmore. Onyesho la mwisho lilikuwa Osaka, 29 Juni 1973.

*Anayefaa.* Anayetaka nguvu, kasi na ushindani wa ala. Pia anayetaka kujua roki nzito ilitoka wapi. Anza na In Rock kama wewe ni wa studio, Made in Japan kama wewe ni wa ukumbini. Fireball ya 1971 iache ya mwisho, ingawa aliyependa kikosi cha kwanza atakuta humo mabaki mengi ya saikedeli.

Kikosi cha tatu, 1973–1975: David Coverdale, Glenn Hughes, Blackmore, Lord, Paice

*Sauti.* Sasa ni sauti mbili. Coverdale alikuwa hajafikisha miaka 22, hajulikani na mtu, akiuza nguo dukani kaskazini mwa Uingereza. Hughes alitoka bendi ya Trapeze, anapiga besi na kuimba kwa sauti ya juu yenye souli ndani yake. Mmoja ana koo zito la bluzi, mwingine anapaa. Wanapopokezana mistari katika wimbo wa Burn, au wanapoimba pamoja katika Sail Away, unasikia kitu ambacho kikosi cha Gillan hakingeweza kukitoa hata kidogo. Wapo wanaokiita kikosi hiki cha akiba. Mimi nadhani hawajasikiliza Mistreated hadi mwisho.

*Gitaa na kinanda.* Burn, ya Februari 1974, imerekodiwa Montreux tena, kwa lori lilelile. Usawa bado upo. Ila kufikia Stormbringer, mwishoni mwa mwaka huo, Hughes na Coverdale walikuwa wanavuta kuelekea fanki, na Blackmore hakuupenda mwelekeo huo. Gitaa lake linasikika likirudi nyuma. Cha ajabu ni kwamba albamu hiyohiyo ina Soldier of Fortune, wimbo mtulivu wenye gitaa la upole kuliko mengi aliyowahi kupiga.

*Mdundo.* Tofauti kabisa. Besi ya Hughes inaruka na kucheza, na Paice anaonekana kuifurahia. Hii ndiyo Deep Purple ya kucheza dansi.

*Jukwaani.* California Jam, 6 Aprili 1974, mbele ya watu zaidi ya laki mbili. Blackmore aliipiga kamera ya televisheni kwa gitaa lake na amplifaya zikalipuliwa kwa moto. Picha zipo na ni za kutisha, lakini tazama pia saa nzima iliyotangulia fujo hiyo, maana upigaji ni mzuri mno. Made in Europe inatoka kwenye maonyesho ya mwisho ya kikosi hiki, Aprili 1975. Baada ya hapo Blackmore aliondoka na kuanzisha bendi ya Rainbow.

*Anayefaa.* Mpenzi wa bluzi na souli anayeogopa roki nzito. Pia yule aliyejaribu Gillan akashindwa na mayowe. Anza na Burn.

Kikosi cha nne, 1975–1976: Coverdale, Hughes, Tommy Bolin, Lord, Paice

*Sauti.* Walewale, ila Hughes sasa ana uhuru zaidi.

*Gitaa na kinanda.* Bolin alikuwa Mmarekani wa Iowa, mwenye miaka 24, aliyepiga gitaa katika Spectrum, albamu ya jazi ya umeme ya mpiga ngoma Billy Cobham. Hakuja kuwa Blackmore wa pili. Anateleza juu ya nyuzi, anatumia mwangwi, anacheka kwa gitaa. Lord anakuwa mpole zaidi, wakati mwingine mno.

*Mdundo.* Gettin' Tighter ni fanki halisi, na ukiisikia bila kuambiwa jina la bendi hutakisia.

*Jukwaani.* Hapa ndipo kikosi kilipoumia. Dawa za kulevya ziliwashika Bolin na Hughes, na onyesho la Tokyo la Desemba 1975, lililouzwa baadaye kama albamu, lilimkuta Bolin mkono wake haufanyi kazi sawasawa. Wengi walimhukumu kwa rekodi hiyo moja. Tafadhali usifanye hivyo. Tafuta ya Long Beach, Februari 1976, utasikia alichokuwa nacho siku alipokuwa mzima.

Bendi ilipiga mara ya mwisho Liverpool tarehe 15 Machi 1976. Bolin alifariki Miami tarehe 4 Desemba mwaka huo, akiwa na miaka 25. Deep Purple ilipoingizwa katika jumba la heshima la roki la Marekani mwaka 2016, yeye na Nick Simper hawakuwemo katika orodha, na mimi naona wote wawili walidhulumiwa.

*Anayefaa.* Mpenzi wa jazi na fanki, na mtu asiyebeba mzigo wa jinsi bendi hii ilivyopaswa kusikika. Albamu ni moja tu, Come Taste the Band ya 1975, kwa hiyo hakuna cha kuchagua.

Tangu 1984: kurudi, na kubadilika tena

*Sauti.* Gillan, isipokuwa Slaves and Masters ya 1990 ambako aliimba Joe Lynn Turner, kwa sauti laini ya redio. Miaka imeishusha sauti ya Gillan, naye amejifunza kusimulia badala ya kupiga mayowe.

*Gitaa na kinanda.* Kikosi cha pili kilirudi kizima na Perfect Strangers, 1984, ambamo Hammond ni nene kuliko wakati wowote. Blackmore aliondoka moja kwa moja Novemba 1993. Steve Morse alichukua gitaa mwaka 1994 na kukaa hadi 2022, muda mrefu kuliko Blackmore mwenyewe. Lord alistaafu mwaka 2002, Don Airey akakalia kinanda. Lord alifariki Julai 2012.

*Mdundo.* Glover na Paice, bila haraka.

*Jukwaani.* Imara, mara chache ya hatari.

*Anayefaa.* Anayependa wazee wanaojua kazi yao. Purpendicular ya 1996 ndiyo mlango wa enzi ya Morse.

Kwa hali yako

Kama hujawahi kusikia roki nzito kabisa na masikio yako yamezoea sauti za kuimba, ingia kwa Burn, kisha Come Taste the Band, halafu ndipo urudi nyuma kwa Gillan. Ukianzia kwa In Rock unaweza kukimbia.

Kama unapiga ala, hasa kinanda, nenda moja kwa moja kwenye Machine Head na usikilize Lazy mara kadhaa, ukifuatilia mkono wa Lord peke yake. Mpiga besi aanze na kikosi cha tatu, kisha asikie jinsi Glover anavyofanya kazi ileile kwa noti chache. Mpiga ngoma hana cha kuchagua. Avisikilize vyote, kwa mpangilio wa miaka, afuatane na Paice.

Kama umevutwa na saikedeli, na unataka kujua jinsi ilivyogeuka kuwa roki nzito, shika Mandrake Root katika albamu ya 1968 na uifuatilie katika rekodi za jukwaani za 1970. Wimbo ni uleule, na mabadiliko yote yamo ndani yake.

Kama una saa moja na nusu tu kwa bendi hii, Made in Japan inatosha, mradi usidhani umemaliza habari.

Na kama unafikiria kununua tiketi, ujue utawakuta Gillan, Glover na Paice pamoja na Airey kwenye kinanda na Simon McBride wa Belfast kwenye gitaa. Jiandae kwa =1 ya 2024, albamu ya kwanza ya McBride ndani ya bendi yenye nyimbo zao wenyewe, kisha rudia Machine Head, kwa kuwa nyimbo zake hazikosi kupigwa.